Mume na Mke Wakizeeka na Kazi Moja

Kustaafu huwaingilia wengi kama mgeni asiyepiga hodi. Kwa miaka thelathini bwana ametoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Sasa yuko sebuleni kutwa, na mara anaanza kumwuliza mama kwa nini sukari inakwisha haraka. Ndipo wengine hugundua kuwa kilichowaunganisha kilikuwa watoto na mshahara tu. Watoto wameondoka, mshahara umekoma, na maongezi nayo yamekauka.

Tutazame ndoa moja ya huko Marekani. Henry Folger na Emily Jordan walioana mwaka wa 1885. Hawakujaliwa kupata watoto. Henry alianza kama karani katika biashara ya mafuta, akapanda hadi kuwa mkuu wa kampuni ya Standard Oil ya New York. Mwaka wa 1889 alinunua mnadani kitabu cha kale cha tamthilia za Shakespeare, kilichochapwa mwaka wa 1685, kwa dola 107 na senti 50. Hakuwa na fedha zote, akaomba muda wa kulipa.

Mke mwingine angeuliza, je, kitabu kikuukuu kitapikwa? Emily hakuuliza hivyo, kwa sababu alikipenda kama mumewe. Alirudi masomoni, na mwaka wa 1896 akapata shahada ya uzamili kwa utafiti juu ya maandishi ya Shakespeare. Alisoma orodha za wauzaji wa vitabu, akaweka alama kwenye vile vya kununuliwa, na kuandika kumbukumbu za kila kilichoingia. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Ona basi: mume alileta fedha, mke alileta elimu na utaratibu, na hakuna aliyefanya jambo kwa siri ya mwenzake.

Sisemi waliishi bila kasoro. Kwa miaka mingi walikaa katika nyumba ya kupanga huko Brooklyn, huku vitabu vikiwa vimefungwa ndani ya masanduku ghalani. Wataalamu walioomba kuviona walikataliwa mara nyingi. Kwa maoni yangu, mali iliyofungiwa sandukuni bado haijawa sadaka.

Walilijua hilo, nadhani, kwani walitafuta kiwanja mjini Washington, karibu na Maktaba ya Bunge, wakanunua nyumba moja moja kwa muda wa miaka tisa hadi eneo likatosha. Mwaka wa 1928 Henry alistaafu ili aishughulikie maktaba. Hakukaa tu akisubiri chai. Yeye na Emily walikuwa na michoro ya jengo ya kujadili.

Jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa Mei 1930. Majuma mawili baadaye Henry akafariki.

Hapa ndipo tujifunze zaidi, hasa sisi tunaoogopa kutaja wosia. Henry alikuwa ameacha maagizo kwamba wasimamizi wa Chuo cha Amherst, alikosoma, waiendeshe maktaba. Lakini hisa zilikuwa zimeporomoka tangu mwaka wa 1929, na urithi ukapungua thamani. Emily angeweza kushika fungu lake na kusema, "Hiyo ilikuwa ndoto ya marehemu." Badala yake alitoa hisa na hati zake zenye thamani ya mamilioni ya dola ili jengo likamilike. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu aliijua kazi yote, kitabu kwa kitabu. Mjane aliyefichwa hesabu angeanzia wapi?

Maktaba ilifunguliwa tarehe 23 Aprili 1932. Ndani yake zimo nakala 82 za mkusanyo wa kwanza wa tamthilia hizo, uliochapwa mwaka wa 1623. Duniani kote zinajulikana nakala 235 hivi. Tangu jengo lilipofunguliwa tena mwaka wa 2024 baada ya ukarabati, hizo 82 zimewekwa wazi zionwe na umma.

Wengi wetu hatuna hisa. Lakini jioni hii, kabla ya redio, muulizane: tukistaafu, ni kazi gani tutaifanya pamoja bila malipo? Labda ni kushona majalada ya vitabu vya shule ya jirani, au kuandika orodha yake, maana shule nyingi hazijui zina vitabu gani.

Emily alifariki mwaka wa 1936. Majivu yake yamewekwa pamoja na ya Henry ukutani, katika chumba cha kusomea cha maktaba hiyo.