Nakala au Wakala: Ya Kufanya na Kutofanya Unapovusha Objekti

Haya yanawahusu wanaotunza mifumo ya .NET Framework inayopakia programu-jalizi, kila moja ndani ya AppDomain yake. Ukuta huo uliwekwa ili msimbo wa mtu mwingine uweze kuondolewa bila kuzima programu nzima. Usiutoboe kwa uvivu.

AMUA kabla ya kuandika klasi. Yenye [Serializable] hunakiliwa. Inayorithi MarshalByRefObject hubaki ilikozaliwa, na upande wa pili hupokea wakala tu. Isiyo na lolote kati ya hayo hugoma kuvuka, na ni vyema igome. Usibandike [Serializable] ili tu kosa linyamaze.

VUSHA data kama nakala: jina, kiasi, tarehe, orodha ya miamala.

USITEGEMEE nakala ikuletee mabadiliko. Muamala ulioongezwa kwenye orodha upande wa pili hauingii kwenye orodha yako. Mfumo hautalalamika, jumla ndiyo itakayotoka na kasoro, na karani ndiye atakayeulizwa.

USIMHOJI wakala sifa mojamoja ndani ya kitanzi. Kila swali ni safari ya kwenda na kurudi. Omba vyote kwa wito mmoja.

USISAHAU muda wa uhai. Hapa ndipo watu wanapokesha. Kwa kawaida objekti inayotumiwa kupitia wakala hupewa dakika 5 za mwanzo, na kila inapoitwa huhakikishiwa angalau dakika 2 mbele. Muda ukiisha bila kuitwa wala kuongezewa, hukatwa, na wito unaofuata huambulia RemotingException. Majaribio yako yatapita yote, kwa kuwa hayasubiri. Mtumiaji ataenda kula, atarudi, atabonyeza kitufe kilekile cha asubuhi, na mfumo utaanguka.

Dawa inayosambazwa ni kuifanya InitializeLifetimeService irudishe null. Usiinywe kwa mazoea: objekti hiyo haifi tena mpaka uikate mwenyewe kwa RemotingServices.Disconnect au uiondoe AppDomain yote, na kumbukumbu huzidi kujaa. Badala yake, weka mdhamini wa kuuongeza muda kwa ClientSponsor, kisha mwondoe kazi ikiisha. Ukichagua null, andika papo hapo ni nani atakayeikata, na lini.

USIRUDISHE Type wala Assembly kwa AppDomain kuu. Ukifanya hivyo, DLL ya programu-jalizi hupakiwa huko pia, na haitoki mpaka programu nzima izimwe. Kazi yote ya kutenganisha imepotea kwa mstari mmoja. Rudisha jina kama matini, na mkataba wa pande zote mbili uuweke kama kiolesura ndani ya DLL ya tatu.

ANDAA makosa yako yavuke. Klasi ya kosa isiyo na konstrakta ya kuifufua upande wa pili itakuletea SerializationException, nawe hutajua kilichovunjika.

USIIFANYE AppDomain kuwa ulinzi dhidi ya msimbo usiouamini. Pande zote zinaishi ndani ya mchakato mmoja. Wala usipokee baiti za msimbo huo kwa BinaryFormatter: inayojenga objekti kutoka kwenye baiti, inaweza kuendesha msimbo wa mshambuliaji. Microsoft waliiondoa katika .NET 9 mwaka 2024. Tangu .NET Core, AppDomain mpya haziundwi kabisa. AssemblyLoadContext huweza kuondoa DLL tangu toleo la 3.0, ila haina ukuta wala wakala. Msimbo wa mgeni upe mchakato wake, uzungumze nao kwa ujumbe, na uhakiki kila ujumbe unaoingia.