Kivumbasi cha Uani

Wengi wetu tunapopalilia chini ya mikarafuu hukifyeka kivumbasi pamoja na magugu. Tunawaomba msikimalize. Mkarafuu uliletwa kwetu kutoka ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kivumbasi ni mwenyeji wa Afrika. Ni jamaa ya mrehani, ila huishi miaka, shina lake hukomaa likawa mti, na huweza kupita kimo cha mtu.

Fikicha jani la baadhi ya vivumbasi, utanusa karafuu khasa. Sababu ni kwamba mafuta yake yana yujenoli, kitu kile kile kinachoipa karafuu harufu na ukali wake. Wakulima wa Afrika ya Mashariki hutia majani yake makavu katika nafaka, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba kivumbasi na karafuu, vyote viwili, huwafukuza fukusi wa mahindi.

Lakini vivumbasi havilingani. Vingine vina harufu nyingine kabisa. Hapo ndipo tulipokosea sisi. Tuliokota mbegu njiani bila ya kunusa, tukaotesha mstari mzima, tukayatia majani yake katika mahindi ya mbegu. Fukusi waliyala mpaka yakawa unga. Masika yalipofika tulikwenda kukopa mbegu kwa jirani, nasi ndio tunaowaandikia wenzetu mafunzo!

Basi anza kwa pua. Ukipata mmea unaonukia karafuu, kata tawi lisilo maua, urefu wa shibiri moja, uondoe majani ya chini, ulichomeke kivulini mwanzo wa mvua. Udongo usikauke. Tawi hufuata harufu ya mama yake. Mbegu haina ahadi hiyo. Likishika mizizi, lihamishie penye jua, pasipotuama maji, na baina ya mmea na mmea uache hatua moja. Vichwa vikatwe mara kwa mara ili mmea utanuke, ila mmoja uachwe uchanue kwa ajili ya nyuki.

Majani yaanikwe kivulini, si juani majamvini kama karafuu, maana jua kali huipoteza harufu. Wengine huyachoma jioni kufukuza mbu. Si vibaya, lakini chandarua kisikunjwe.

Anayetaka tawi aje ofisini asubuhi. Tunavyo vivumbasi vitatu vizuri, naye atanusa mwenyewe kabla hatujakata.