Mwenye kovu la uzazi naye amfunge ngamia wake

Katika darsa la akina mama ninalosomesha baada ya Alasiri hapa Bariadi, dada mmoja aliuliza: je, mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, akikubali kupasuliwa tena, anakuwa amepungukiwa na tawakkul? Wenzake wakainamisha vichwa. Nami swali lilinigusa, kwani mke wangu alipasuliwa mwaka 2021, mtoto wetu wa kwanza alipotanguliza matako.

Alipobeba mimba ya pili mwaka 2024, maneno yakawa mengi. Mama mkwe, aliyezaa watoto wake wote nyumbani huko Itilima, alitaka bintiye aende kwake, dawa ya miti ya kuharakisha uchungu ipo. Jirani akasisitiza kuwa aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima. Hakujua kwamba kauli hiyo ni ya daktari wa New York, Edwin Cragin, aliyeiandika mwaka 1916, zama ambazo mfuko wa uzazi ulikuwa ukikatwa wima. Siku hizi mkato wa kawaida ni wa kulala, sehemu ya chini ya mfuko, na kovu lake ni imara zaidi.

Kwa mwenye kovu moja la namna hiyo, takriban watatu kati ya kila wanne wanaojaribu hujifungua kwa njia ya kawaida. Hatari ni kovu kuachia na mfuko kupasuka, jambo linalompata kama mmoja kati ya 200. Ni wachache, lakini likitokea mama huvuja damu ndani na mtoto hukosa hewa, na muda wa kuwaokoa ni wa dakika. Kuongeza uchungu huzidisha hatari hiyo. Dripu walau ina kipimo na mtu wa kuiangalia, mizizi iliyochemshwa haina. Aliyekatwa wima hashauriwi kujaribu kabisa. Kupasuliwa tena nako si njia nyepesi, kwani kila kovu linaloongezeka huzidisha uwezekano wa kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu katika mimba zijazo, nasi tulikuwa bado tunataka watoto.

Tatizo ni kwamba karatasi tuliyopewa mwaka 2021 haikuandika aina ya mkato. Na kovu la tumboni halisemi, kwa sababu ngozi yaweza kukatwa wima na mfuko ukakatwa kwa kulala. Nilifuatilia faili mara tatu mpaka likapatikana. (Waume wenzangu, karatasi hiyo iulizwe siku ya kutoka wodini.)

Allah (sw) katika Suratul Baqara, aya ya 233, anawataja wazazi wakishauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Itakuwaje basi katika kumzaa? Na Mtume (saw) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Ngamia wa mwenye kovu ni chumba cha upasuaji kilicho karibu na damu iliyo tayari. Zahanati ya kijijini haina hivyo, na uchungu haungoji bodaboda ivuke korongo lililojaa maji.

Tulishauriana, lakini mke wangu ndiye aliyeamua, maana mwili ni wake. Atajaribu, hospitalini, bila dawa ya miti. Mama mkwe ndiye atakayekuja mjini. Uchungu ulianza usiku, tukawahi. Baada ya saa nyingi njia haikuongezeka, mkunga akamwita daktari, mke wangu akatia saini mwenyewe. Alhamdulillah, tukapata binti, na bibi yake ndiye aliyempokea kwa khanga mpya.

Hayo ndiyo niliyomsimulia yule dada. Akafungua mkoba, akatoa kadi yake ya kliniki, akaniuliza mkato wake umeandikwa wapi.