Pesa za Shaba za Kilwa

Wengi wetu tukaao Chiungutwa hushuka pwani kwa kazi, au kwa kuwaamkia jamaa. Afikaye Kilwa aweza kuona mchangani kipande chembamba cha shaba, chenye kutu ya kijani. Hukitia mfukoni, akidhani ni kitu duni. Kumbe ameokota pesa ya masultani wa kale. Basi na tujifunze habari zake.

Kaisari wa Rumi alitia sura yake katika pesa zake za shaba, ili hata walio mbali wapate kumjua. Masultani wa Kilwa hawakutia sura, bali maneno ya Kiarabu tu: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, na pande hizo hupatana kwa vina. Walakini mwaka hawakuuandika. Kwa hiyo mahali pesa ilipolala pana habari nyingi kuliko pesa yenyewe.

Tutazame mifano miwili. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, alitoa pesa za namna hii. Moja yake wataalamu waliichimbua katika maboma ya mawe ya Zimbabwe Kuu, mbali na bahari. Kwa kuwa mahali pake pajulikana, yatushuhudia biashara ya Kilwa na nchi ya dhahabu.

Tena, mwaka 1944, askari mmoja wa Australia aliokota pesa tisa katika visiwa vya Wessel: tano za Kilwa, nne za Kiholanzi. Alizihifadhi hata mwaka 1979, ndipo akazipeleka kwa wataalamu. Zilifikaje huko? Hata leo watu hubishana. Lakini alikuwa ametia alama katika ramani, na kwa alama hiyo wataalamu walikwenda kutafuta huko mwaka 2013.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ya pesa hizi ni mahali pake. Basi ukiiona, usiisugue kwa ndimu na mchanga, maana maandishi yatafutika. Wala usiiuze: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863. Iache ilipo, pashike mahali pale vema, ukawaarifu wasimamizi wa mambo ya kale. Hivyo watoto wetu nao watapata kuisoma.