SOMO: MASHUA YA KIKUNDI IKIVUJA
Tafuta chanzo kwanza, nunua baadaye



Ofisi yetu iko Ngara, Nairobi, mbali na ziwa. Lakini tuko jirani na Barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado wanaiita Grogan, mahali maduka ya spea yamepangana mlango kwa mlango. Kwa hivyo wajumbe wa vikundi vya Ziwa Victoria hupita kwetu wakiwa wametumwa kununua vitu vya mashua ya mota. Mara nyingi mjumbe amesafiri usiku kucha, pesa za kikundi ziko mfukoni, lakini ukimuuliza kilichoharibika anajibu: "Injini inasumbua na maji yanaingia." Hayo ni malalamiko, bado hatujajua ugonjwa. Akinunua kwa kubahatisha, pesa zinakwisha na mashua inaendelea kuvuja, na watu wako ndani yake.

Somo letu leo ni jinsi ya kupata chanzo. Kikundi chenye pampu ya kunyunyizia shamba pia kitapata faida, kwa sababu njia ni ile ile.

1. MAJI YANAINGIA WAPI?

Maji hutelemka mpaka sehemu ya chini kabisa. Kwa hivyo mahali yanapokusanyika si lazima pawe ndipo yanapoingilia. Fanyeni hivi:

(a) Choteni maji yote, kausheni ndani kwa kitambaa. Mashua ikiwa imetulia kwenye maji ya kina kifupi, nyunyizeni jivu kavu kwenye maungio ya mbao. Jivu litakapolowa kwanza, wekeni alama ya chaki.

(b) Jivu likibaki kavu, pakieni uzito kidogo kidogo. Maji yakianza kuingia sasa, tundu liko kwenye mbao za juu, zile zinazozama mashua ikibeba mzigo.

(c) Ikiwa inavuja tu ikiwa mbioni, tazameni ubao wa nyuma unaobeba injini. Mtetemo hulegeza boliti na kufungua maungio.

Mashua iliyokaa juani wiki nyingi itavuja ikirudi majini kwa sababu mbao zimenywea. Ipeni muda zivimbe. Isipopona, toeni pamba ya zamani kwenye maungio, kausheni, shindilieni pamba mpya yenye mafuta kwa patasi isiyo kali, kisha zibeni juu. Msumari uliooza kwa kutu ung'olewe; kuupaka lami ni kuficha tu. Kuziba kwa sabuni na karatasi ya nailoni ni kwa kufika pwani, si kwa kuendelea na kazi.

Tena, wekeni daftari: ndoo ngapi zinachotwa kwa saa moja. Zikiwa mbili wiki hii na tano wiki ijayo, mashua inawaambia kitu. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20. Ndoo tano ni uzito wa mtu mnene ambaye hakulipa nauli.

2. INJINI INAKATAA

Anzeni na vitu visivyo na gharama. Je, kamba ya kuzimia imechomekwa? Gia iko huru? Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tenki liko wazi? Likizibwa, injini huwaka dakika chache kisha huzima. Bonyezeni puto la mpira kwenye bomba la petroli. Lisipokuwa gumu, kuna mahali hewa inaingia au petroli inavuja.

Kisha fungueni plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika lakini moto haushiki, au imezidi. Wekeni petroli kidogo kwenye chupa ya kioo na muiache itulie. Ikiwa ina maji, yatakaa chini.

Injini ikiwaka, tazameni mchirizi wa maji unaotoka ubavuni. Ndiyo dalili kwamba inapozwa. Ukikatika, zimeni mara moja, mtoe gugu maji kwenye matundu ya chini, mzibue kitobo kwa waya mwembamba. Usiporudi, chanzo kinaweza kuwa kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu, ambacho mafundi huita impela.

Oili ya gia nayo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni sili imekwisha.

3. PAMPU YA UMEME NA BETRI

Pampu ya kutoa maji isipozunguka, angalieni vichwa vya betri, waya na fyuzi. Fyuzi ikiungua tena na tena, msiweke waya mnene mahali pake, mtawasha moto. Ikizunguka bila kutoa maji, bomba limezibwa na takataka.

HATARI: Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini ya mashua. Ukisikia harufu, usiwashe sigara, koroboi wala swichi yoyote. Fungua, pepea, kausha kwanza.

4. KABLA YA KUPANDA BASI

Andikeni jina la injini, nguvu yake na namba yake. Bebeni kile kifaa kibovu chenyewe. Sili mbili hufanana kwa macho na zikatofautiana kwa milimita moja. Watumwe watu wawili, na risiti isomwe mkutanoni.

Mpaka mashua ipone, haibebi abiria. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama tarehe 29 Aprili 1994 kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Mzigo ukizidi hata mashua nzima huzama, sembuse inayovuja. Majaketi ya kuokolea yawe kwa kila mtu, na ndoo iwe karibu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mara ya mwisho tulinunua spea, tulijuaje kwamba ndiyo iliyoharibika?
2. Nani anaandika daftari la ndoo, na nani analisoma?
3. Nani katika kikundi ana ruhusa ya kusema, "Leo mashua haitoki," na wengine wakatii hata kama samaki ni wengi?

Swali la tatu msilipite haraka. Mlijibu kabla hamjaachana.