Mambo Matatu Mema Kabla ya Kulala

Mvua ikikosekana, karo ikidaiwa na mkopo wa chama ukifika siku ya kulipwa, akili hung'ang'ania matatizo tu. Huo si udhaifu. Ni kawaida ya binadamu kuona hatari kwanza. Lakini akili inaweza kuzoezwa kuona mema pia.

Mwaka wa 1998, Martin Seligman, aliyekuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, aliwahimiza wenzake wasichunguze maradhi ya akili pekee, bali pia yale yanayomwezesha mtu kuishi vyema. Mwaka wa 2005, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya zoezi rahisi. Watu walioandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyowaendea vyema walipata nafuu iliyoonekana hata miezi sita baadaye, hasa wale walioendelea kwa hiari yao.

Hapa nchini, utafiti wa mpango wa Shamiri, uliochapishwa mwaka wa 2021, uliwahusisha wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu. Baadhi yao walihudhuria vikao vinne vilivyoongozwa na vijana waliomaliza shule ya upili. Walijifunza kushukuru, kuamini kuwa mtu anaweza kubadilika, na kutambua yale wanayoyathamini maishani. Dalili zao za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Jaribu hivi nyumbani:

1. Kabla ya kulala, andika mambo matatu yaliyokwenda vyema leo. Hata madogo yanafaa: ng'ombe amepona, jirani amekusaidia kubeba maji.
2. Kando ya kila jambo, andika kwa nini lilitokea.
3. Endelea kwa siku saba. Asiyeandika anaweza kusimulia. Familia ifanye pamoja wakati wa chakula cha jioni.

Zoezi hili halilipi karo wala halileti mvua. Pia si badala ya matibabu. Ukiwa na huzuni nzito, kukosa usingizi au kupoteza hamu ya kazi kwa zaidi ya wiki mbili, mweleze mhudumu wa afya ya jamii au fika kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa na mawazo ya kujitoa uhai, au ukimsikia mwenzako akiyataja, usingoje kesho: tafuta msaada mara moja, na usimwache mwenzako peke yake.