Ruhusa Hufuata Kazi: Somo la Magari ya Mafundi Barabarani

Nimeombwa kuandika somo la uraia kwa gazeti letu la muhula huu. Ningeweza kueleza habari za Bunge au za kodi, lakini nimechagua jambo dogo tunalolipita njiani kila siku, nalo ni mahali pa kusimamisha gari, na magari ya mafundi wa maji, umeme, simu na maji machafu. Nimelichagua kwa sababu mimi mwenyewe nililikosea, na kosa langu lilimtia hasarani mtu asiye na hatia.

Jumamosi moja nilikwenda sokoni kwa motokaa yangu. Nafasi za kuegesha zilikuwa zimejaa, basi nikasimamisha ukingoni mwa njia nyembamba, chini ya kibao cha kukataza, nikijisemea kwamba dakika kumi si kitu. Sikutazama chini. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa limekalia kifuniko cha chuma, na ndani yake mlikuwa na vali ya kufungia maji ya mtaa ule. Nilipokwisha kuondoka, bomba likapasuka. Mafundi walifika upesi, lakini hawakuweza kuyafunga maji mpaka mwenye gari apatikane, nami nilikuwa nimekutana na rafiki, tukaketi kunywa chai. Nilirudi baada ya saa 1 na dakika 40. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia katika banda la bibi mmoja muuza mkaa. Magunia yake matatu yalikuwa yamelowa, na unga wake wa chakula pia. Nilimwomba radhi nikamlipa, naye akaniambia kwa upole, "Asante, mwanangu. Lakini leo sikuuza, na wateja wangu wamekwenda kwingine." Fedha zangu hazikuweza kumrudishia siku ile.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme bomba lililopasuka hutoa lita 2 kwa sekunde. Saa 1 na dakika 40 ni dakika 100, yaani sekunde 6,000. Maji yaliyomwagika ni lita 12,000, sawa na ndoo 600 za lita 20. Fikirini akina mama wangapi wangeteka maji hayo.

Jumatatu niliwaeleza wanafunzi wa Kidato cha Tatu habari hiyo. Mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, gari la mafundi nalo lilisimama chini ya kibao kile kile. Mbona wewe umekosa, na wao hawakukosa?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Kwanza, kwa nini sheria hukataza kuegesha? Barabara ni mali ya watu wote, na gari linalosimama hulitwaa eneo la wote kwa faida ya mmoja. Magari yalipozidi mijini, watu walitafuta njia ya kugawana nafasi. Julai 1935 mji wa Oklahoma City, Marekani, uliweka mashine za kwanza za kulipia maegesho kando ya njia. London ilifuata mwaka 1958, katika mtaa wa Mayfair. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, na miji ina kanuni zake za maegesho. Lakini pako mahali ambapo hata mwenye fedha hawezi kununua ruhusa: penye njia panda, penye kivuko cha watu, na mbele ya lango la shule. Hapo gari lililosimama huwaziba macho wapitao. Motokaa inayokwenda kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea ghafula nyuma ya gari lililosimama, dereva hana nafasi ya kumwona na kusimama.

Pili, kwa nini gari la mafundi lisiegeshwe mbali kama magari mengine? Kwa sababu gari lile lenyewe ni chombo cha kazi. Gari lenye ngazi ya mtambo ya kumpandisha fundi kwenye nguzo ya umeme hutandaza miguu yake ya chuma kando ili lisipinduke, kwa hiyo hutaka nafasi kupita upana wake. Magari yakijaa chini ya nguzo, hulazimika kusimama mbali, na fundi hunyosha mkono kuufikia waya unaoweza kumwua. Gari la kunyonya maji machafu nalo lina mpaka uliowekwa na maumbile. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba, kwenye usawa wa bahari, uzito wa hewa hauwezi kuyasukuma maji matupu ndani ya bomba kupita kimo cha mita 10 hivi, hata hewa yote iliyo juu yake ikiondolewa. Tena mpira ukiwa mrefu, msuguano huipunguza nguvu hiyo. Ndiyo maana dereva hutaka kulikaribia shimo.

Tatu, ruhusa yao imetoka wapi? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani unaziruhusu nchi kuwaondolea watengenezaji wa barabara baadhi ya kanuni wawapo kazini, kwa sharti wachukue hadhari zote zipasazo. Huko Uingereza, amri za miji za kukataza maegesho kwa kawaida huliacha gari linalotumika kutandaza au kutengeneza mabomba na nyaya, kwa muda wa kazi ile. Angalieni neno hilo: linalotumika. Ruhusa hufuata kazi, haifuati gari wala rangi yake wala jina lililoandikwa mlangoni. Fundi akimaliza kazi, kisha akaliacha gari pale pale akaenda kula, yeye na mimi ni sawa mbele ya kibao.

Wala tusichanganye magari haya na yale ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi, ambayo hupiga king'ora ili yapishwe. Taa ya rangi ya manjano inayomweka juu ya gari la mafundi, kwa kanuni za Uingereza, ni onyo tu kwamba gari hilo huenda polepole au limesimama. Haimpi dereva haki ya kupishwa.

Nne, mwenye ruhusa ana wajibu. Fundi hana budi kuweka koni na vibao mbali kidogo kabla ya gari lake, ili dereva ajaye apate mita za kutosha kupunguza mwendo. Sharti aache njia ya waendao kwa miguu, hasa vipofu na watoto, tena usiku aweke taa. Na shimo alilolichimba lisibaki wazi. Asiyetimiza hayo ameitumia vibaya ruhusa aliyopewa na wananchi.

Basi, nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: kibao kile kiliwekwa ili njia iwafae wote. Mafundi walisimama pale kwa kuwatumikia wote, nami nilisimama kwa kujitumikia mwenyewe. Kwa hiyo tulitenda tendo lile lile, lakini sababu zetu zilikuwa mbalimbali, na sheria njema hutazama sababu.

Tangu siku ile, kabla ya kufunga mlango wa gari, nalizunguka na kutazama juu kama pana waya, kisha chini kama pana kifuniko. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Wazazi wenye magari na pikipiki, nawaomba mfanye vivyo hivyo.

Maswali ya kujipima:

1. Bomba hutoa lita 3 kwa sekunde. Likikaa wazi dakika 50, litamwaga ndoo ngapi za lita 20?

2. Taja mahali patatu ambapo kuegesha huleta hatari, ueleze sababu ya kila pamoja.

3. Gari la mafundi limesimama mbele ya duka tangu asubuhi, na hapana kazi inayofanywa. Je, mwenye duka ana haki ya kulalamika? Eleza.

4. Tembea katika mtaa wenu. Hesabu vifuniko vya chuma vilivyo barabarani, na vingapi vimekaliwa na magari. Leta majibu darasani.